Barza ya wazee: historia ya mahali pa kukaa nje, kutoka Kasongo mpaka kambi za Goma

Kila mtu wa Kivu, Maniema au Katanga analijua neno barza. Ni ile sehemu ya mbele ya nyumba, yenye paa lakini isiyo na ukuta, ambako mgeni anapokelewa, ambako mama anachambua maharagwe, na ambako mzee anakaa asubuhi akiota jua. Watu wengi wanafikiri ni neno la Kifaransa, kwa sababu Wabelgiji pia walilitumia. Wengine wanafikiri ni neno lililozaliwa hapa hapa. Ukweli ni kwamba neno hili lilitembea kwa miguu kutoka pwani ya bahari ya Hindi. Na historia yake inagusa jambo zito kwa familia nyingi za leo, zilizo mjini na zilizokimbia vita: mzee akikosa mahali pa kukaa nje pamoja na wenzake, hata shamba la familia linaweza kupotea.

Neno lililokuja na misafara

Katika miji ya zamani ya Waswahili, kama vile Lamu na Unguja, nyumba nyingi zina benchi la mawe lililojengwa mbele ya mlango, likishikana na ukuta. Benchi hilo ndilo baraza. Wanaume walikaa hapo kusalimiana, kufanya biashara na kupokea wageni bila kuingia ndani ya nyumba. Kwa hiyo neno hilo lilibeba maana mbili: mahali pa kukaa, na pia watu waliokaa pamoja kuzungumza mambo ya wote.

Katika karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilivuka ziwa Tanganyika na kufika mto Lualaba. Walikuja kutafuta pembe za ndovu, na walichukua watu utumwani. Hilo halifai kufichwa. David Livingstone alifika Nyangwe mwaka wa 1871 akawakuta tayari wapo. Henry Morton Stanley alikutana na Tippu Tip katika sehemu hizo mwaka wa 1876. Kasongo ikawa mji mkubwa wa Tippu Tip na watu wake, wenye nyumba za mtindo wa pwani na mashamba makubwa. Kati ya 1892 na 1894, jeshi la Dola Huru la Kongo, lililokuwa mali ya mfalme Leopold wa Pili, liliwashinda wakubwa hao kwa vita. Wakubwa waliondoka, lakini lugha ilibaki. Ndani ya lugha hiyo baraza lilibaki pia, na kwa midomo ya watu wa huku likawa barza. Wabelgiji walilichukua wakaliingiza katika Kifaransa chao cha Kongo, wakiita hivyo veranda za nyumba zao.

Hata hivyo, jambo lenyewe halikungoja wageni. Wanande wa Beni na Lubero wana kyaghanda, mahali penye moto ambapo wazee walikusanyika, walikata mashauri na kuwafundisha vijana. Wabembe wa Fizi wana lubunga, nyumba ya mazungumzo ya kijiji. Makabila mengine ya mashariki yana majina yao. Mgeni aliyeingia kijijini alijua pa kwenda kwanza. Kijana aliyetaka kujua babu yake alitoka wapi alijua nani wa kumuuliza, na saa gani.

Lakini ni lazima kusema wazi kwamba sehemu hizo nyingi zilikuwa za wanaume. Mama mzee alikuwa na mahali pake pengine: kando ya mafiga, chini ya ukingo wa paa, nyuma ya nyumba. Huko ndiko hadithi zilisimuliwa, na huko ndiko majina ya ukoo wa upande wa mama yalihifadhiwa. Kijiji kilikuwa na sehemu mbili za kumbukumbu, na zote mbili zilikuwa nje, hatua chache tu kutoka kitandani mwa mzee.

Miji iliyojengwa kwa ajili ya vijana

Miji ya kikoloni ilianza na mawazo mengine. Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ilianzishwa mwaka wa 1910 kwa sababu ya shaba. Weusi waliwekwa upande wao na weupe upande wao, na katikati palikuwa na uwanja mtupu uliowatenganisha. Mwaka wa 1931 serikali ya kikoloni ilitoa sheria ya vituo vya weusi wanaoishi nje ya utawala wa kimila. Watu wakaita sehemu hizo site, na jina hilo lipo mpaka leo.

Katika mpango huo, mtu mweusi wa mjini alikuwa mfanyakazi mwenye nguvu. Aliletwa kwa kontra, na nguvu zikiisha alirudishwa kijijini. Mzee hakuwa na nafasi kwenye karatasi za wapimaji, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba angezeekea mjini. Kulikuwa na barabara ya kwenda kazini, bomba la maji la watu wote, kanisa, shule na baadaye uwanja wa mpira. Kiti cha mtu mwenye miaka 70 hakikuwemo.

Mambo yalibadilika polepole. Mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya Union Minière ya Katanga iliona kwamba kubadilisha wafanyakazi kila mara kuna hasara. Ikaanza kutoa kontra ndefu zaidi na kuwaruhusu wafanyakazi waje na wake zao. Watoto walizaliwa kambini na kukulia mjini. Mwaka wa 1952 ilianzishwa ofisi ya kujenga site za Waafrika, iliyojulikana kwa herufi OCA. Ilijenga nyumba nyingi Léopoldville, Elisabethville, Stanleyville na Bukavu. Wakaaji wa Bagira mjini Bukavu wanajua vizuri kwamba kata zao za zamani zilitoka katika kazi hiyo. Mwaka wa 1956 ikaja sheria ya pensheni kwa wafanyakazi weusi, na mwaka wa 1961, baada ya uhuru, ikaundwa INSS, ambayo leo inaitwa CNSS.

Maana yake ni kwamba, kwa mara ya kwanza, serikali ilikubali kwamba mtu anaweza kuzeeka mjini. Lakini pensheni ilikuwa karatasi ya pesa tu. Mahali pa kukaa, wazee walijitengenezea wenyewe. Walipanda mwembe au mwavokado mbele ya nyumba. Waliongeza barza kwa mabati machache na miti miwili. Wakaweka kiti cha mbao, redio, na ubao wa dame unaochezwa kwa vifuniko vya chupa. Barza ya mjini ikachukua nafasi ya kyaghanda na ya lubunga. Ndipo watu wa avenyu moja waliposuluhisha ugomvi wa ukuta, wa mahari na wa mtoto mtundu kabla ya kufika kwa mkuu wa kata.

Barza inapogeuka boutique

Baada ya uhuru miji ilikua kuliko mipango. Sheria ya Bakajika ya 1966, kisha sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ziliifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali. Kwenye karatasi, sheria hiyo ingeweza kulinda viwanja vya watu wote. Katika maisha ya kila siku, viwanja vingi vilikatwa na kuuzwa. Pahali palipokuwa na miti pakawa parsele. Pahali pa mpira pakawa nyumba ya ghorofa. Huko Bukavu, mji uliojengwa juu ya vilima na rasi za ziwa Kivu, nyumba zilipanda mpaka kwenye miteremko ambako mvua inakula udongo.

Vita viliongeza mzigo. Tangu mapigano ya Masisi ya mwaka wa 1993, halafu vita vya 1996 na 1998, familia kutoka vijijini zilikimbilia Goma, Bukavu, Butembo na Uvira. Parsele ya familia moja ikawa ya familia tatu au nne. Njia rahisi ya kupata chumba kingine ilikuwa kuziba barza kwa mbao. Njia rahisi ya kupata pesa ilikuwa kuigeuza boutique ya sabuni, sukari na kadi za simu. Hakuna wa kulaumiwa hapo, kwa kuwa mtoto lazima ale. Lakini mzee aliyekuwa akikaa barzani alirudishwa ndani, au aliketishwa kwenye jiwe kando ya barabara, mahali ambapo motari wanapita kwa kasi na vumbi linaingia machoni.

Wakati huo huo neno lenyewe lilipanda cheo. Katika Kivu ya Kaskazini, wawakilishi wa makabila mbalimbali walikusanyika katika Barza ya makabila, ili watu wazungumze kabla ya kushika silaha. Barza hiyo ilipitia shida na mgawanyiko, lakini jina lake linaonyesha kitu: watu wa jimbo hili walipotafuta neno la amani, hawakwenda kulitafuta mbali. Walichukua jina la mahali ambapo wazee wanakaa.

Lava juu ya miji, mawe chini ya miguu

Goma ina historia yake ya pekee. Nyiragongo ililipuka tarehe 10 Januari 1977. Tena ililipuka tarehe 17 Januari 2002, na lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege, iliharibu kanisa kuu la Saint-Joseph na kuteketeza maelfu ya nyumba. Watu walivuka mpaka kwenda Gisenyi, na wengi walirudi siku chache baadaye, lava ikiwa bado ya moto. Walijenga upya juu ya lava yenyewe. Ndiyo maana kata nyingi za Goma leo zina ardhi ya mawe meusi, yenye makali na mashimo.

Kijana anaruka mawe hayo bila kufikiri. Kwa mzee mwenye magoti mabovu au macho hafifu, yanamfunga nyumbani. Akianguka mara moja akavunjika nyonga, mara nyingi hatembei tena. Hivyo safari ya mita 100 kwenda kwa jirani inakuwa ndefu kuliko safari ya zamani ya kwenda Rutshuru.

Tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka tena. Lava iliingia upande wa Buhene ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye serikali iliamuru kata kumi za Goma zihame. Watu waliondoka kwa magari, kwa boti na kwa miguu kuelekea Sake, Minova, Rutshuru na Rwanda. Kutoka Goma mpaka Sake ni karibu kilomita 25. Mtu ambaye kwa miaka mingi hakuwa na njia ya kutembea hata kwenye avenyu yake, siku hiyo aliombwa kutembea kilomita 25. Hilo ni somo kwa kila mji ulio chini ya mlima wa moto: njia nzuri na viti vya kupumzikia vinamsaidia mzee kubaki na nguvu za miguu, na siku ya hatari nguvu hizo ndizo zinaokoa maisha.

Mzee ndani ya kambi

Kambi nazo zina historia ndefu hapa. Mwaka wa 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaa Mugunga, Kibumba na Katale, na kolera ikaua watu wengi sana juu ya mawe ambayo hata kaburi lilikuwa vigumu kuchimba. Baadaye Mugunga ikawa kambi ya Wakongomani wenyewe. Tangu 2022, Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo zilipokea familia za Rutshuru, Masisi na Nyiragongo. Mwanzoni mwa 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa M23, kambi hizo zilibomolewa kwa muda mfupi, na watu walilazimika kurudi kwenye vijiji vyao au kutafuta pa kujibanza katika familia za wengine.

Kuna kanuni za kimataifa zinazoitwa Sphere, ambazo mashirika ya msaada yanatumia. Zinasema kambi iwe na angalau mita za mraba 45 kwa kila mtu, zikihesabiwa pia njia, maji, shule na sehemu za kukutania. Zinasema choo kisiwe mbali zaidi ya mita 50 kutoka makao ya watu, na kisitumiwe na zaidi ya watu 20. Yeyote aliyeishi juu ya mawe ya Goma katika miaka ya vita anajua umbali uliopo kati ya kanuni hizo na maisha yenyewe.

Kibanda cha turubai ni kifupi. Mtu mzima hawezi kusimama wima ndani yake, na saa sita joto linazidi. Kwa hiyo maisha yote ya mchana ni nje. Lakini nje hapakuwa na kiti. Watoto walitengewa sehemu za kuchezea, jambo jema sana. Wamama wenye watoto wachanga walipata sehemu zao. Wazee walikaa juu ya jiwe la lava au juu ya bido la maji lililogeuzwa, kila mmoja mbele ya kibanda chake, wakiwa wametawanyika. Watu wa kijiji kimoja waliokuwa wakikaa pamoja jioni zote za maisha yao walijikuta kambi moja bila kuonana kwa wiki nzima.

Kumbukumbu na mashamba

Hapa ndipo historia ya barza inafika kwenye tumbo la familia. Sheria ya ardhi ya 1973 ilisema kwamba ardhi za jamii za vijijini zitapangiwa utaratibu wake kwa amri ya rais. Amri hiyo ilingojewa makumi ya miaka. Matokeo yake ni kwamba katika Masisi, Rutshuru, Kalehe au Fizi, familia nyingi hazina karatasi ya shamba lao. Karatasi yao ni mtu. Ni mzee anayejua kwamba mpaka unapita kwenye mti fulani, kwamba kijito kilihamishwa na mvua, kwamba shamba lile lilikopeshwa na halikuuzwa.

Lakini ushahidi wa namna hiyo haukai kichwani mwa mtu mmoja. Unaishi katika mazungumzo. Mzee mmoja anasema, mwingine anamkosoa, wa tatu anakumbuka jina la mtu aliyekuwepo, na mama mzee anakumbusha kwamba ilikuwa mwaka ule mtoto wake wa kwanza alipozaliwa. Vijana wanasikiliza pembeni. Baada ya miaka kumi ya mazungumzo kama hayo, mipaka ya kijiji inajulikana na watu arobaini. Mzee aliyefungiwa katika chumba cha giza, au aliyekaa peke yake juu ya bido, anabaki na sehemu yake ya habari mpaka anaizikwa nayo. Familia ikirudi kijijini na kumkuta mtu mwingine shambani, inakosa wa kusema. Ugomvi wa ardhi ukikosa mashahidi, mara nyingi unaishia kwa panga au kwa bunduki.

Kazi inayowezekana

Mwaka wa 2007, Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha mwongozo juu ya miji inayowafaa wazee, baada ya kuwasikiliza wazee katika miji 33 ya dunia, ukiwemo mji wa Nairobi. Jambo la kwanza katika mwongozo huo ni sehemu za nje: viti, kivuli, njia isiyo na mashimo, vyoo na usalama. Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 49, inasema mtu mzee ana haki ya hatua za pekee za kumlinda kufuatana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya roho.

Kutekeleza hayo kwenye avenyu moja hakuhitaji mamilioni. Goma ina mawe mengi kuliko mji wowote, na ina mafundi wanaojua kuyapanga. Ukuta mfupi wa mawe ya lava, wenye kimo cha sentimita 45 hivi na ubao juu yake, ni kiti kizuri, kwa maana jiwe tupu ni baridi na linaumiza. Kiti kikiwa chini sana mzee hawezi kuinuka, ndiyo sababu ni vema kiwe na mgongo na mahali pa kushika kwa mkono. Njia ya kufika hapo isawazishwe kwa changarawe, na mtaro ufunikwe kwa ubao imara au zege. Goma na Bukavu asubuhi zina baridi, kwa hiyo kiti kiangalie jua la asubuhi. Kindu na Kasongo zina joto, kwa hiyo mti uje kwanza. Choo kiwe karibu, la sivyo wazee hawatakaa muda mrefu, hasa wamama. Na wamama wawe na nafasi yao pale pale, kwa sababu nusu ya kumbukumbu iko kwao.

Zamani za Mobutu, watu walilazimishwa kufanya salongo, na wengi waliichukia kwa sababu ya kulazimishwa. Lakini mikono ile ile, ikikubaliana yenyewe chini ya mkuu wa avenyu au wa nyumba kumi, inaweza kujenga kiti cha mawe kwa siku ya Jumamosi moja. Wanaorudi vijijini nao wana nafasi ambayo mji hauna tena: kabla ya kugawa kila kipande, waache kwanza kiwanja kidogo katikati, karibu na maji na njia, na waandike kwamba hakiuzwi.

Kisha wazee waketishwe hapo, wanaume na wanawake, na kijana mmoja anayejua kuandika awepo na daftari. Aandike majina ya vilima, ya vijito na ya miti ya mipaka, wazee wakiwa bado wanakosoana.